Cherehani Iliyoitikia Hodi

Shule ikitoka, watoto wengine wa mtaa walikwenda kucheza mpira, wengine walikwenda kuwasumbua mama zao, na Kifungo alikwenda kuingia chini ya meza. Kifungo si jina alilopewa na wazazi wake. Babu yake, fundi cherehani, ndiye aliyempachika alipokuwa mchanga, kwa sababu alikuwa mdogo, mviringo, na kila alipowekwa alibingirika akapotea. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa mviringo tena, lakini jina la utani likishaganda haling'oki hata kwa maji ya moto.

Duka la Babu lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Kulikuwa na rafu ya vitambaa, kioo kirefu chenye ufa, pasi ya mkaa, na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Meza ya cherehani iliunganishwa na meza ndefu ya kukatia nguo, na mbele ya zote mbili kulining'inia pazia la maua lililofika mpaka sakafuni. Mteja akiingia alimwona Babu kuanzia kifuani kwenda juu: miwani puani, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Kuanzia kifuani kwenda chini hakuna aliyeona kitu, na huko ndiko mambo yalikokuwa.

Siri yenyewe ni hii. Babu hakuwa akikanyaga cherehani. Miguu yake ilikuwa imegoma. Aliyekanyaga, au tuseme aliyesukuma, ni Kifungo, aliyekaa chini ya meza juu ya mto wa vitambaa chakavu, mikono yote miwili kwenye kanyagio, jasho likimtoka mpaka kwenye nyusi. Walikuwa na ishara zao. Babu akigonga meza mara moja kwa mkasi, maana yake twende. Akigonga mara mbili, simama. Huku juu Babu aliongoza kitambaa kwa vidole vyake vya ustadi, akipiga soga na wateja kana kwamba hana kazi yoyote.

"Mzee yule ana nguvu," wateja walisemezana wakitoka. "Anashona kama kijana."

Kijana mwenyewe alikuwa chini anapigana na vumbi la pamba. Siku akishindwa kuzuia chafya, Babu aliwaambia wateja kuwa ni paka. Duka lile halikuwa na paka.

Mambo yalianza pale Babu alipoanza kuchoka bila sababu. Alihema akivuka kizingiti cha mlango. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa kitako. Viganja vyake na midomo yake vilipauka. Bibi aliamua kuwa mume wake amepungukiwa damu, na hapo hakukosea. Kisha akaamua kuwa dawa ni mboga za majani asubuhi, mchana na jioni, na hapo ndipo alipokosea. Babu alikula majani mpaka akasema siku akisikia mbuzi analia atamwitikia.

Mboga zilipogonga mwamba, walikwenda hospitali. Huko walimkuta daktari mmoja, mwanamke mwenye miwani minene na sauti ya upole, ambaye alimtoboa Babu kwenye mfupa wa nyonga, akachota kitu kidogo cha kupima, na baada ya muda akamwita kumpa majibu.

"Mzee wangu, ndani ya mifupa kuna kitu laini kinaitwa uboho," alimweleza. "Huko ndiko damu inakotengenezwa. Kwa lugha yako, ni duka la fundi. Kitambaa unacho tele, maana unakula vizuri. Shida iko kwa mafundi wa ndani. Wanaharibu mshono. Chembe nyekundu za damu zinatoka chache, na nyingine zinatoka mbovu."

"Wafukuze," Babu alisema.

"Ningeweza ningewafukuza. Tutawasimamia. Kuna dawa ya kuchoma ya kuwahimiza wafanye kazi. Na damu ikishuka sana mpaka mwili ukalemewa, tutakuongezea."

Babu alirudi nyumbani akiwa mtulivu, mpaka alipokutana na jirani yake, fundi viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Gundi. Mzee Gundi hakusomea udaktari, lakini jambo hilo halikuwahi kumzuia.

"Kuongezewa damu?" Mzee Gundi aliuliza, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, ukiona mtu ameanza kuongezewa damu, ujue ndiyo basi tena. Ni kama kiatu. Kikishaanza kutiwa viraka..." Hakumaliza, na hakuhitaji kumaliza.

Tangu siku ile Babu alijiapiza kuwa daktari hatamwona amechoka kamwe. Akatundika lile pazia la maua. Akamwita mjukuu wake, akamwambia kuwa mafundi wana siri zao, na kwamba kuanzia leo yeye Kifungo ni fundi. Mtoto gani angekataa cheo hicho? Kifungo aliingia chini ya meza akichekelea.

Tatizo ni kwamba pazia halitembei na mtu. Nje ya duka, Babu alilazimika kutafuta mbinu nyingine. Akiishiwa pumzi njiani, alichuchumaa. Akizidiwa, alikaa kabisa chini. Na watu wakimuuliza kulikoni, alijibu, "Natafuta sindano." Alitafuta sindano barabarani, alitafuta sindano sokoni, na siku moja alitafuta sindano msalani mpaka Bibi akamfuata na taa.

Siku ya kurudi kliniki, shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Kifungo alimsindikiza na Bibi akabaki dukani. Daktari aliitazama karatasi ya vipimo, akamtazama Babu, akarudi kwenye karatasi.

"Damu imeshuka kuliko mara iliyopita," alisema. "Kwa kiwango hiki wengine hawawezi kupanda ngazi, na wengine wanajimudu. Ndiyo maana nauliza. Kipimo kinanipa nusu ya habari, nusu nyingine naipata kwako. Unajisikiaje?"

"Chuma."

"Na ngazi zetu hizi, umezipandaje?"

"Kama mbuzi," Babu alisema, na kusema kweli majani aliyokula yalimpa haki ya kujilinganisha.

Kifungo alitazama kucha zake. Muda mfupi uliopita Babu alikuwa amekaa katikati ya ngazi hizohizo akitafuta sindano, na watu wawili wema waliinama kumsaidia kuitafuta.

"Kazi bado unafanya?"

"Daktari mwanangu, cherehani yangu ya kukanyaga hailali. Lete hilo koti lako lenye mfuko uliochanika. Nitalishona ukiwa umesimama hapo hapo."

"Kama ni hivyo, hatuna haraka ya kukuongezea damu," daktari alisema taratibu. "Tuendelee na ile dawa." Lakini kabla hawajatoka alimtazama Kifungo, akatazama mikono yake, na viganja vya Kifungo vilikuwa na sugu kama vya mtu anayelima.

Njiani Kifungo alishindwa kuvumilia. "Babu, umemdanganya daktari."

"Nimemdanganya nini? Cherehani inalala?"

"Hailali. Lakini miguu ni yangu."

"Ya kwako ndiyo ya kwangu. Sisi si ukoo mmoja?" Babu alisema, kisha akachuchumaa kutafuta sindano.

Kifungo aliacha kuchekelea. Chini ya meza aliona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona, yaani miguu ya Babu yenyewe. Kwanza viatu viliacha kuingia, Babu akavaa ndala. Kisha ndala zikabana, akazikata kamba. Miguu ilivimba, ikang'aa, na Kifungo akiibonyeza kwa kidole kilibaki kishimo. Tena alisikia pumzi za Babu zikienda mbio hata wakati wateja walipokuwa wameondoka na hakuna cha kumchosha.

Alasiri moja aligongewa mara moja, akasukuma kanyagio, akangoja kugongewa mara mbili. Hakugongewa. Badala yake mkasi ulianguka sakafuni mbele ya pua yake. Kifungo alitoka mbio. Babu alikuwa amelaza kichwa juu ya meza, macho yamefumba, midomo imekuwa rangi ya majivu.

"Babu. Babu, amka."

Babu alifumbua jicho moja. "Natafuta..." alisema, na hata neno sindano likamshinda.

Kifungo alilia. Hakulia kwa siri wala kwa adabu, alilia kwa sababu aliogopa. "Nakwenda kumwambia Bibi."

"Ukimwambia Bibi, atamwambia daktari," Babu alisema kwa shida. "Daktari ataniwekea damu, na nikishawekewa damu, nimekwisha. Unataka nikuache?"

Sasa wewe unayesoma, hebu kaa mahali pa Kifungo. Akisema, Babu anakufa, kwa maana ndivyo alivyoambiwa. Akinyamaza, anaona kwa macho yake Babu anavyozidi kudhoofika. Usiku huo hakula, na Bibi, kwa kumhurumia, akamwongezea mboga za majani.

Siku chache baadaye Mzee Gundi alileta suruali yake ipunguzwe pindo, akakaa kwenye kigoda mlangoni kuisubiri. Babu aligonga mara moja, cherehani ikaanza. Walikuwa wamefika katikati ya mguu wa kwanza pale mlangoni palipoingia mwanamke mwenye miwani minene na koti jeupe mkononi.

"Shikamoo, fundi. Nimeleta lile koti."

Babu nusura ameze pini iliyokuwa mdomoni. Akagonga mara mbili, cherehani ikasimama. "Marahaba, daktari mwanangu. Karibu sana," alisema, akainuka kwa madaha, akajivuta kwa kushikilia meza, kisha rafu, mpaka akafika kwenye kioo. Hapo akalikunjua koti na kuanza kulikagua, ili apate nafasi ya kuegemea ukuta.

Daktari alibaki karibu na cherehani. "Meza imara hii," alisema, na kama watu wengi wanavyofanya wakisifu meza, akaigonga kwa kidole. Mara moja.

Cherehani ikaanza kutembea.

Iliitafuna suruali ya Mzee Gundi bila kuongozwa na mtu, ikavuka pindo, ikapanda juu ya mguu. Daktari aliitazama. Kisha akamtazama Babu, aliyekuwa upande wa pili wa chumba akiwa na koti mikononi.

"Fundi, cherehani yako inatembea."

"Upepo huo," Babu alisema bila kugeuka.

Daktari akagonga mara mbili. Cherehani ikasimama. Akagonga mara moja. Ikatembea. Akagonga mara mbili. Ikasimama.

"Upepo wenye adabu sana," daktari alisema. Mzee Gundi alikuwa amesimama juu ya kigoda chake, tayari kukimbia. Daktari akainama mbele ya pazia la maua na kugonga tena. "Hodi."

"Karibu," ilisema sauti ndogo kutoka chini.

Msimlaumu. Kifungo alikuwa mtoto aliyelelewa, na mtoto aliyelelewa akipigiwa hodi huitikia kabla hajafikiri. Pazia likafunuliwa, na hapo akaonekana, nyuzi zimemjaa nywele, mikono kwenye kanyagio.

Daktari hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. Akakaa chini sakafuni, akawa uso kwa uso naye. "Mwenye kukanyaga nimemjua. Damu ya babu yako na maneno yake havikuelewana, nikasema nije nione mwenyewe. Sasa niambie, miguu yake yeye ikoje?"

Kifungo alimtazama Babu. Babu alitikisa kichwa, kidogo tu. Kifungo aliogopa kusema, na aliogopa kunyamaza, na katikati ya hofu hizo mbili akakumbuka kile kishimo kilichobaki kwenye mguu uliovimba.

"Imevimba," alisema. "Haiingii viatuni. Na hakuna sindano iliyopotea, daktari. Anakaa chini kwa sababu pumzi zinamwishia. Juzi alilaza kichwa mezani akawa haitiki." Akamshika daktari mkono. "Lakini nakuomba usimwekee damu. Ukimwekea atakufa."

"Nani amesema hivyo?" daktari aliuliza.

Babu alimtazama Mzee Gundi. Mzee Gundi alitazama dari.

"Mwanangu, kuongezewa damu hakumwiti mtu kaburini," daktari alisema, na ingawa aliongea na Kifungo, sauti yake iliwafikia wazee wote wawili. "Damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kila pembe ya mwili. Ikiwa kidogo, moyo unalazimika kukimbia mchana na usiku ili kufidia. Miguu ikivimba, moyo unasema umechoka. Damu tutakayomwekea haitaponya uboho, sitawadanganya. Itaupumzisha moyo."

Babu aliliweka koti juu ya rafu. Akaketi sakafuni, mbele ya watu, na kwa mara ya kwanza hakutaja sindano. "Nimechoka, daktari," alisema. "Nimechoka sana. Niambie ukweli basi. Nimebakiwa na muda gani?"

"Siku zako sizijui, hata zangu sizijui. Ninachojua ni kilichoonekana tulipokupima. Magonjwa haya ya uboho yana aina nyingi. Mengine yanakimbia, mengine yanajikokota. La kwako ni la kujikokota, na wako wengi wanaoishi na la namna hiyo miaka kadhaa, wakizeeka na kugombana na wake zao kama kawaida. Lakini nahitaji kujua unachoka kiasi gani, na unahitaji damu kila baada ya muda gani, maana hizo ndizo alama zinazonionyesha ugonjwa unaelekea wapi. Ukinificha, unanifunga kitambaa machoni halafu unaniambia nitunge uzi. Na wewe moyo ungekuangusha kabla ya huo uboho."

"Na mboga za majani?" Babu aliuliza.

"Ni nzuri. Ila haziwezi kuwafundisha kazi mafundi wa ndani. Kula kama watu wengine."

Inasemekana hapo ndipo rangi ilipoanza kumrudi.

Alikwenda hospitali jioni hiyohiyo, kwa gari la daktari, akaongezewa damu polepole ili moyo usielemewe. Kifungo alikaa kando ya kitanda akiutazama ule mfuko mwekundu ukidondosha tone moja moja, na kila tone alimtazama Babu kuona kama anakufa. Babu hakufa. Kesho yake aliomba chai, akalalamika kuwa ni nyepesi, na Kifungo akajua mambo ni mazuri.

Bibi alipoelezwa yote, hakugomba. Alichukua mkasi, akakata lile pazia la maua, akashona foronya za mito. Wateja walipomkuta Babu hadharani, miguu yake ikionekana ikikanyaga yenyewe taratibu, aliwaambia waziwazi kuwa anaumwa, kwamba anashona asubuhi na kupumzika alasiri, na nguo zitachelewa kidogo. Alidhani watamkimbia. Wakasema sawa, wakarudi siku nyingine. Babu alikaribia kuudhika kwa jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Kifungo naye alipanda cheo. Shule ikitoka alicheza kwanza, kisha akaja kukaa kwenye kiti kando ya meza kama binadamu, akijifunza kukunja pindo huku Babu akimwelekeza. Suruali ya Mzee Gundi ilishindikana. Mguu mmoja ulikuwa umeshonwa mpaka gotini.

Asubuhi moja, Babu alimtuma Kifungo kwa Mzee Gundi kumpelekea suruali mpya ya kumfuta machozi. Kifungo alirudi haraka, suruali bado mkononi.

"Babu, Mzee Gundi amekaa sakafuni dukani kwake. Anatokwa na jasho. Nimemuuliza ana nini, anasema anatafuta msumari."

Babu aliweka mkasi chini. Akavua futi shingoni, akachukua fimbo yake, akatembea mpaka mlango wa pili, akipumzika njiani bila aibu. Mzee Gundi alikuwa sakafuni kweli, mgongo ukutani, mkono kifuani.

"Umeupata?" Babu aliuliza.

"Bado. Ulidondokea hapa hapa."

"Huo msumari naujua, ndugu yangu. Nimeutafuta muda mrefu, ila wa kwangu ulikuwa sindano." Babu akamnyooshea mkono. "Inuka twende hospitali. Na ukifika, usimwambie daktari wewe ni chuma. Mwambie unavyoumwa."

"Watasemaje watu wakiniona?"

"Watasema mzee anaumwa. Mimi wamesema, na sijapungua kitu." Babu akamgeukia Kifungo, aliyekwisha kumshika Mzee Gundi mkono wa pili. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sikiliza vizuri, mjukuu wangu, na ukiwa mkubwa uwaambie wenzako. Mimi nilikuwa njiani kuumbuliwa na kifo. Namshukuru Mungu, cherehani iliniwahi."

Wakatoka watatu wakishikana, polepole, na Mzee Gundi akawa anauliza kama ni kweli hospitali wanakataza mboga za majani.